Injini Inayomisi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Nyumbani

Injini ya petroli yenye silinda nne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko wa krenkshafti. Ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 700 hivi kwa dakika, kila silinda huwaka mara 350 katika dakika hiyo. Silinda hizo hupokezana kwa mpangilio usiobadilika, na kupokezana huko ndiko kunakoifanya injini itulie. Moja ikiacha kuwaka, pengo hujitokeza karibu mara sita kila sekunde: usukani unatetemeka, kioo cha ndani kinacheza, mlio wa ekzosi unakatikakatika. Hiyo ndiyo hali ambayo madereva na mafundi huiita kumisi.

Gari linalomisi bado linatembea, na kwa sababu hiyo wengi hulipuuza au hulitibu kwa kubahatisha. Leo zinabadilishwa plagi, wiki ijayo koili, mwisho wa mwezi pampu ya mafuta, na injini inaendelea kutetemeka kama mwanzo. Fedha iliyotumika mara nyingi huzidi bei ya kifaa kimoja kilichokuwa kibovu. Kinga ya hasara hiyo ni kupima kabla ya kununua, na sehemu kubwa ya vipimo inaweza kufanyika uani kwa spana chache, tochi na subira.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za petroli zenye nozeli zinazoendeshwa na kompyuta na koili moja juu ya kila plagi. Mfano wake unaofahamika sana Afrika Mashariki ni 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo kwenye Toyota IST, Vitz, Probox na Premio nyingi. Kanuni zake zinafaa pia kwa magari mengine mengi ya petroli. Injini ya dizeli haina cheche, hivyo uchunguzi wake una njia nyingine.

Mahitaji manne ya silinda

Ili silinda iwake sawasawa inahitaji mambo manne: mchanganyiko sahihi wa hewa na mafuta, cheche yenye nguvu, mgandamizo wa kutosha, na yote hayo kutokea kwa wakati wake. Kwa petroli, mchanganyiko unaoungua kikamilifu ni kama gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko hushindwa kushika moto. Mafuta yakizidi, plagi huloa na kujaa masizi. Cheche ikiwa dhaifu, mchanganyiko mzuri hupita bila kuungua. Pistoni au valvu zikivujisha, hakuna mgandamizo wa kuubana mchanganyiko huo. Mkanda au cheni ya taimingi ikiruka jino, valvu hufunguka wakati usio wake.

Kila sababu ya kumisi inaangukia katika mojawapo ya makundi hayo manne. Uchunguzi mzuri huyaondoa moja baada ya jingine, kuanzia lililo rahisi na lisilo na gharama kuelekea lile linalohitaji kufungua injini.

Tahadhari kabla ya kufungua boneti

Kazi hii hufanyika nje. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua ndani ya gereji iliyofungwa kabla mtu hajatambua kinachompata. Gari huegeshwa mahali tambarare, handibreki ikiwa juu, gia ikiwa P au nyutro, na jiwe au kipande cha mbao kikiwekwa nyuma ya tairi.

Kanga, mtandio, kanzu, mikono mipana ya shati, mkufu na saa havifai karibu na mikanda inayozunguka. Feni ya rejeta huendeshwa kwa umeme na inaweza kuanza ghafla hata baada ya injini kuzimwa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso na mikono. Sigara na jiko la mkaa viwe mbali na petroli, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali pa kufikika kwa haraka.

Umeme wa koili hufika makumi ya maelfu ya volti. Koili haivutwi kutoka kwenye plagi wakati injini inawaka, na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asishiriki kazi hii. Katika magari ya haibridi, nyaya za rangi ya machungwa haziguswi kabisa na mtu asiye na mafunzo yake.

Kusoma dalili

Kabla ya kushika spana, dereva anafaa kuandika kwenye karatasi ni lini gari linamisi na ni lini linatulia. Maelezo hayo huokoa muda kuliko kifaa chochote.

Injini inayotetemeka asubuhi tu ikiwa ya baridi, kisha ikatulia baada ya dakika chache, inaelekeza kwenye plagi zilizochoka, sensa ya joto la maji, au gasketi inayopitisha hewa hadi chuma kitanuke. Ikiwa asubuhi hizo zinaambatana na moshi mweupe mzito na maji ya rejeta yanayopungua, kuna uwezekano kwamba maji yanaingia ndani ya silinda usiku kucha.

Injini inayomisi kwenye sailensi lakini inatulia ikikanyagwa mafuta mara nyingi ina hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia kupitia ufa au mpira uliotoboka badala ya kupita kwenye chujio. Kiasi hicho cha hewa ni kikubwa ukikilinganisha na hewa kidogo inayotumika kwenye sailensi. Injini inapovuta hewa nyingi, athari yake hupungua.

Kinyume chake ni gari linalotulia kwenye barabara tambarare lakini linagugumia kwenye kilima, likiwa na abiria wanne na kiyoyozi kimewashwa. Hapa silinda inabana mchanganyiko mwingi zaidi, na cheche huhitaji volti kubwa zaidi kuruka kwenye mwanya wa plagi. Koili au plagi dhaifu, iliyojitahidi kwenye sailensi, hushindwa chini ya mzigo. Mafuta yasiyofika kwa shinikizo la kutosha huleta dalili hiyohiyo.

Kumisi kunakoanza injini ikishapata moto kunatilia shaka koili au sensa ya krenki, kwa kuwa nyaya nyembamba ndani yake hukatika zinapotanuka. Kumisi kulikoanza baada ya mvua kubwa au baada ya injini kuoshwa kunaelekeza kwenye maji katika mashimo ya plagi na soketi za umeme. Kulikoanza muda mfupi baada ya kujaza tangi kunaelekeza kwenye mafuta. Na kulikoanza siku gari lilipotoka gereji kunaelekeza kwenye kitu ambacho hakikurudishwa vizuri. Ukaguzi uanzie pale fundi alipogusa.

Moshi nao una habari. Mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Wa bluu maana yake ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha injini ikiwa ya moto maana yake ni maji. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi ni wa kawaida.

Dalili moja zaidi inapatikana nyuma ya gari. Kiganja kikiwekwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mdomo wa ekzosi, pumzi za injini husikika mkononi. Pengo linalojirudia kwa mpigo uleule linaonyesha silinda moja iliyolala. Mapengo yasiyo na mpangilio yanaonyesha tatizo linalozigusa silinda zote, kama vile hewa ya wizi, shinikizo dogo la mafuta au sensa inayodanganya. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinategemea jibu la swali hilo: ni silinda moja, au ni zote?

Taa ya injini na misimbo yake

Taa ya injini ikiwaka bila kukatika, kompyuta imehifadhi hitilafu na gari linaweza kuendeshwa kwa uangalifu hadi lichunguzwe. Ikiwa inamemetuka wakati gari linamisi, onyo ni kali zaidi: petroli isiyoungua inaingia kwenye kisafisha moshi, kile kinachoitwa masega mitaani, na kuungulia humo. Joto linalotokea linaweza kuyeyusha masega. Dereva aondoe mguu kwenye mafuta na asimamishe gari mahali salama pa kwanza.

Kifaa kidogo cha kusoma misimbo huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi na kuunganishwa na simu. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi hiyo lakini hayasomeki kwa vifaa vya bei nafuu; kwa magari hayo ni bora kumlipa fundi mwenye mashine kamili kwa kazi ya kusoma tu.

Msimbo P0300 unasema injini inamisi bila silinda moja kujitenga. P0301 hadi P0304 unataja silinda yenyewe, ya kwanza hadi ya nne. P0171 unasema hewa imezidi mafuta, na P0172 unasema mafuta yamezidi hewa. P0335 unahusu sensa ya krenki, na P0340 sensa ya kemshafti.

Msimbo unaeleza malalamiko ya kompyuta; hautaji kifaa cha kununua. Mwenye gari lenye P0171 huambiwa mara nyingi abadilishe sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo ndiyo iliyofanya kazi yake na kutoa taarifa kwamba hewa imezidi. Chanzo huwa mpira uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au mafuta yasiyofika. Misimbo yote iandikwe kabla ya kufutwa. Kuchomoa betri ili taa izime kunafuta ushahidi na kuacha ugonjwa palepale.

Ukaguzi wa macho

Injini ikiwa imezimwa na baridi, tochi ipite taratibu juu ya kila kitu kinachoonekana. Bomba kubwa la mpira kutoka kwenye chujio la hewa hadi kwenye injini hukunjwa kwa mkono, kwa sababu nyufa zake hujificha kwenye mikunjo na hufunguka injini inapotikisika. Mipira midogo ya vakyumu hupapaswa mwisho hadi mwisho: iliyokauka kama kijiti, iliyolainishwa na oili, au iliyochomoka hubadilishwa. Chujio la hewa likielekezwa juani bila kupitisha mwanga wowote, limejaa vumbi.

Nyaya hukaguliwa kwa kuzitafuta alama za meno ya panya, hasa gari likiwa limelala siku nyingi bila kutumika. Kila soketi ya koili na nozeli husukumwa kidogo kuhakikisha imeingia hadi mwisho. Stiki ya oili huchomolewa: oili ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na gari halipaswi kuwashwa tena. Kiwango cha maji ya rejeta hutazamwa kwenye kopo lake la akiba.

Betri nayo isisahaulike. Maltimita ikiwekwa kwenye ncha zake injini ikiwa imezimwa isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Alteneta inayotoa umeme pungufu hudhoofisha cheche, nozeli na kompyuta kwa pamoja, na humfanya mtu atafute ugonjwa mahali usipo.

Kuitafuta silinda iliyolala

Kwenye 1NZ-FE, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa cheni na mikanda, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ikiwa msimbo haukuitaja silinda, hutafutwa kwa kuinyima kazi kila moja kwa zamu.

Njia iliyo salama zaidi kwa masega ni kuchomoa soketi ya nozeli, kwa kuwa silinda hiyo hukosa petroli pamoja na moto. Pale nozeli isipofikika, huchomolewa soketi ndogo ya umeme iliyo juu ya koili, kwa sekunde chache tu. Injini huzimwa, soketi moja inachomolewa, injini inawashwa na kusikilizwa. Kisha inazimwa, soketi inarudishwa, na zamu inahamia silinda inayofuata. Kishikizo cha soketi kikongwe kimekaushwa na joto la miaka mingi na huvunjika kama ganda la yai. Kibonyezwe kwa kidole gumba hadi kilegee, na soketi ivutwe kwa kushika plastiki yake, kamwe si waya.

Silinda nzima ikinyimwa kazi, injini hushuka na kutetemeka zaidi. Silinda iliyokuwa tayari imelala ikinyimwa, hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo inayotafutwa.

Baada ya hapo kinafuata kipimo ambacho hakihitaji kununua chochote: kubadilishana. Tuseme silinda ya tatu ndiyo imelala. Koili yake hufunguliwa kwa spana namba 10 na kuhamishiwa silinda ya kwanza, na ile ya kwanza kupelekwa ya tatu. Misimbo inafutwa na gari linaendeshwa kidogo. Tatizo likihamia silinda ya kwanza, koili ni mbovu na inaweza kununuliwa bila wasiwasi. Likibaki ya tatu, koili ni nzima na zamu ni ya plagi: nayo inahamishwa vivyo hivyo. Likiendelea kung'ang'ania silinda ileile, mashaka yanabaki kwa nozeli, nyaya zake au mgandamizo.

Plagi zinavyosomeka

Plagi hutolewa injini ikiwa baridi, kwa sababu silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika kirahisi kwenye joto. Kabla ya kufungua, vumbi lililo kwenye shimo hupulizwa nje lisije likaanguka ndani ya silinda. Plagi za injini nyingi za Toyota za aina hii hufunguliwa kwa boksi namba 16 lenye mpira wa kushikilia. Kila plagi ipangwe mezani kwa mpangilio wa silinda yake, kwa kuwa tofauti baina yao ndiyo habari yenyewe.

Pua ya plagi yenye rangi ya kahawia iliyopauka au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta mengi au cheche dhaifu. Plagi iliyoloa na kunukia petroli haikupata cheche, au silinda haina mgandamizo. Plagi yenye oili nzito kwenye ncha inaelekeza kwenye ringi au sili za valvu zilizochoka. Pua nyeupe yenye malengelenge iliungua kupita kiasi, pengine kwa upungufu wa mafuta au kwa aina ya plagi isiyofaa. Pua iliyo safi ajabu, kana kwamba imeoshwa, ilhali nyingine zina rangi, inaweza kuwa imesafishwa na maji ya rejeta yanayovuja.

Kaure nyeupe nayo ichunguzwe kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi kutoka juu hadi chini ni njia ambayo umeme umejichongea nje ya plagi, na plagi ya aina hiyo haina tiba. Oili iliyojaa ndani ya shimo la plagi imetoka kwenye gasketi ya tapeti kava au sili zake. Plagi na koili mpya zitaharibika tena ikiwa gasketi hiyo haitabadilishwa kwanza.

Plagi za kawaida za nikeli huchoka kati ya kilomita 20,000 na 40,000, na zile za iridiamu zinaweza kukaribia 100,000. Ncha ya iridiamu ni nyembamba mno na haisuguliwi kwa brashi ya waya. Plagi mpya huanzwa kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo ikazwe kwa spana kufuata kipimo cha mtengenezaji. Plagi bandia ziko nyingi madukani: maandishi yaliyofifia, chuma chenye makunyanzi na bei ya kushangaza ni ishara za kuzikataa.

Hewa ya wizi na hewa iliyozuiwa

Silinda zote zikimisi kwa zamu, hewa huchunguzwa kabla ya mafuta. Injini ikiwa kwenye sailensi, mipira ya vakyumu hubanwa mmojammoja kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Mpira ukibanwa na injini ikatulia, uvujaji upo kwenye mpira huo au kwenye kifaa unakoelekea. Uvujaji wa kwenye viungo na gasketi ya menifoldi hutafutwa kwa kunyunyiza maji ya sabuni kidogo, mbali na soketi za umeme: povu huvutwa ndani na mlio wa injini hubadilika kwa muda. Wapo wanaonyunyiza dawa ya kusafishia kabureta au petroli. Njia hiyo imewahi kuwasha moto na haifai nyumbani.

Kifaa cha kusoma misimbo kikiwa kinaonyesha marekebisho ya mafuta, kinatoa ushahidi wa wazi. Kompyuta ikiwa inaongeza mafuta zaidi ya asilimia 10 kwenye sailensi lakini nyongeza hiyo ikashuka injini inapopelekwa mizunguko 2,500, hewa ya wizi ipo. Nyongeza ikipanda kadiri injini inavyokazana, kosa ni mafuta yasiyotosha au sensa ya hewa inayosoma pungufu.

Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, bila kuguswa kwa kidole, brashi wala upepo wa kompresa. Throto bodi hukusanya utando mweusi unaoziba mwanya mwembamba ambao injini hupumulia kwenye sailensi. Kitambaa chenye dawa ya kusafishia kinatosha. Kwenye throto za umeme, bamba lisisukumwe kwa mkono swichi ikiwa imewashwa. Baada ya kusafisha au kuchomoa betri, sailensi inaweza kuyumba kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya.

Mafuta

Petroli yenye maji au iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa humisisha silinda zote. Nchini Tanzania, EWURA ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuubaini uchakachuaji, lakini maji bado yanaweza kuingia kwenye tangi la kituo au la gari lenyewe. Kipimo cha nyumbani ni kuchukua petroli kidogo kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha itulie: maji hushuka chini na kuweka mpaka unaoonekana. Ikiwa dalili zilianza baada ya kujaza, risiti ihifadhiwe na tangi limwagwe na fundi.

Swichi ikifunguliwa bila kuwasha injini, pampu ndani ya tangi husikika ikivuma kwa sekunde mbili hivi kwenye magari mengi. Mengine hungoja mpaka injini izungushwe. Ukimya peke yake hauthibitishi kwamba pampu imekufa. Fyuzi na rilei yake zikaguliwe kwanza. Shinikizo la mafuta la 1NZ-FE huwa kati ya psi 44 na 50, na kulipima kunahitaji geji na kufungua bomba lenye petroli iliyobanwa. Kazi hiyo aachiwe fundi.

Nozeli husikilizwa kwa bisibisi ndefu. Ncha inawekwa juu ya nozeli, mpini unawekwa karibu na sikio, mbali na mikanda. Nozeli hai hupiga tiki-tiki-tiki kwa kasi isiyokatika. Iliyonyamaza haina umeme au imekwama. Inayopiga lakini silinda yake haiwaki inaweza kuwa imeziba, na tiba yake ni kuoshwa kwenye mashine.

Mgandamizo

Koili, plagi na nozeli zikithibitika kuwa nzima, kinachobaki kiko ndani ya injini. Geji ya kompresheni hupatikana kwa bei ya wastani au kwa kuazima. Injini hupashwa moto kisha kuachwa ipoe kiasi cha kugusika, soketi za koili na nozeli zote zinachomolewa, plagi zote zinatolewa, na betri iwe imejaa. Msaidizi anakanyaga pedeli ya mafuta hadi chini na kuzungusha staata mpaka injini ibane mara tano au sita, na kila silinda hupimwa kwa idadi ileile.

Injini nzima za aina hii husoma kwa kawaida kati ya psi 150 na zaidi kidogo ya 200. Usawa baina ya silinda una uzito kuliko ukubwa wa namba: tofauti ya zaidi ya asilimia 10 hadi 15 inastahili kufuatiliwa. Silinda iliyo chini hutiwa kijiko kidogo cha oili kupitia shimo la plagi na kupimwa tena. Namba ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hazifungi au gasketi imeungua. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi iliyotoboka katikati yao ndiyo ya kushukiwa kwanza, hasa kukiwa na mapovu kwenye rejeta au gari likichemsha. Zote nne zikiwa chini kwa kiasi kinacholingana, taimingi iangaliwe.

Kutetemeka kusiko kumisi

Gari likitetemeka gia ikiwa D na kutulia ikiwekwa N, huku mlio wa ekzosi ukiwa umenyooka, injini inaweza kuwa nzima kabisa na tatizo likawa kwenye mauntini zilizopasuka. Boneti ikiwa wazi, msaidizi akiwa ameshika breki anahamisha gia kutoka N kwenda D na kurudi, na mtazamaji akisimama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini inayoruka sana mahali pake imeshikwa na mpira uliokufa.

Masega yaliyoziba nayo huiga kumisi: gari linawaka vizuri lakini linakosa pumzi kadiri linavyokanyagwa. Kutetemeka kunakoanza kwenye mwendo kasi tu, na kuisha gari likisimama, ni suala la tairi, rimu au shafti.

Kazi ya nyumbani inapoishia

Oili yenye rangi ya maziwa, mgandamizo uliopotea, mlio wa chuma kugonga chuma, uvujaji wa petroli na kazi ya taimingi huhitaji gereji yenye vifaa. Kwenye injini nyingi, taimingi ikiruka, pistoni hugongana na valvu, hivyo kujaribu kuwasha tena na tena huongeza uharibifu.

Hata hapo, vipimo vya nyumbani havipotei. Mwenye gari anayemwambia fundi kwamba silinda ya tatu imelala, koili na plagi zimehamishwa bila mabadiliko, nozeli inapiga na mgandamizo ni psi 90 tu, anampa pa kuanzia na anapunguza malipo ya kubahatisha. Vifaa vilivyotolewa aombwe kuvirudisha, na namba za vipya zilinganishwe na za vya zamani.

Baada ya matengenezo, misimbo hufutwa na gari huendeshwa katika mazingira yaleyale yaliyoleta dalili: asubuhi ya baridi, kilima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, abiria wakiwemo. Msimbo usiporudi na sailensi ikikaa mahali pamoja katika hali zote hizo, tatizo limekwisha. Tarehe, kilomita zilizosomeka na kifaa kilichobadilishwa huandikwa kwenye daftari la gari, ili uchunguzi wa safari nyingine uanze na ushahidi uliopo.